Nuru Imekwenda Wapi? Madoa Meusi ya Mwezini, Juani na Ndani ya Seli

Mwezi mpevu una mabaka, na huhitaji darubini kuyaona. Jua nalo lina madoa. Wingu la mvua huwa jeusi upande wa chini, mchanga ukilowa huwa mweusi kuliko mkavu, na anayechungulia picha ya seli kwenye kitabu cha baiolojia huvutwa kwanza na lile duara jeusi la kiini. Ukiuliza sababu, jibu la haraka utakalopewa ni kwamba vyote hivyo "vinafyonza mwanga". Kwa mwezi jibu hilo ni sahihi. Kwa jua si sahihi hata kidogo, kwa wingu linapotosha, na kwa kiini cha seli huwa sahihi pale tu binadamu alipokitia rangi kwanza.

Giza halina chembe zake, halisafiri wala halimwagiki. Jicho hupokea nuru, basi. Mahali panapoleta nuru kidogo kuliko pembeni yake tunapaita peusi. Kwa hiyo mbele ya doa lolote kuna swali moja la kuuliza: nuru tuliyoitarajia kutoka pale imekwenda wapi? Huenda imemezwa. Huenda imeelekezwa kwingine, au haijawahi kufika. Huenda ipo tele, ila jirani yake anang'aa zaidi. Na kuna jibu moja la ajabu kuliko yote, la nuru kuzimwa na nuru mwenzake, ambalo ndilo litakalotuingiza ndani ya seli.

Bahari zisizo na maji

Galileo Galilei alipochapisha michoro yake ya mwezi mwaka 1610, alionyesha kwamba sehemu zinazong'aa zimejaa milima na mashimo, na kwamba zile nyeusi ni laini zaidi. Mwaka 1651 Giovanni Riccioli akazipa hizo nyeusi majina ya bahari: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Mvua, Bahari Kuu ya Dhoruba. Majina yamedumu hadi leo, ingawa kilichojaza mabonde hayo ni lava.

Mwezi ulipokuwa bado mchanga, miamba mikubwa ya angani iliugonga na kuacha mabonde yenye upana wa mamia ya kilomita. Baadaye, hasa kati ya miaka bilioni 3.9 na bilioni 3.1 iliyopita, sehemu za ndani ziliyeyuka, lava ikapanda kwenye nyufa na kutandaa mabondeni, kisha ikaganda na kuwa jiwe liitwalo basalti. Shughuli hiyo haikukoma mara moja. Udongo ulioletwa duniani na chombo cha China, Chang'e 5, mwezi Desemba 2020, ulikuwa na basalti ya umri wa miaka bilioni 2 hivi, changa kuliko yoyote iliyokuwa imeletwa na safari za Apollo.

Basalti ni nyeusi kwa sababu ya madini yake. Ina chuma kingi, na mahali pengine titani nyingi. Elektroni zilizomo kwenye atomu hizo, zikiwa zimefungwa ndani ya madini, hupokea nishati ya nuru ya karibu rangi zote, na nishati hiyo huishia kuwa joto. Nyanda za juu za mwezi zimeumbwa kwa jiwe lingine, anothositi, ambalo karibu lote ni feldispa yenye kalisi na alumini. Feldispa haina elektroni zilizo tayari kuimeza nuru tunayoiona, hivyo huirudisha.

Namna wanasayansi walivyolijua hilo ni kisa kizuri. Apollo 11 ilitua kwenye Bahari ya Utulivu tarehe 20 Julai 1969 na kurudi na kilo 21.5 za mawe na udongo. Udongo wenyewe ulikuwa mweusi-mweusi, lakini walioupepeta walikuta ndani yake vipande vidogo vyeupe ambavyo havikufanana na basalti iliyovizunguka. Vilikuwa vimerushwa pale kutoka nyanda za juu na vishindo vya vimondo. Kutokana na makombo hayo kukazaliwa hoja ambayo bado imesimama: kwamba mwezi mzima ulianza ukiwa umefunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka, feldispa nyepesi ikaelea juu na kufanya gamba la rangi ya kupauka, na madini mazito yenye chuma yakazama. Karne nyingi baadaye, kwa hesabu ya mamilioni ya miaka, hayo yaliyozama yakayeyuka tena na kurudi juu kama lava nyeusi. Kwa maneno mengine, mabaka tunayoyaona ni tumbo la mwezi lililomwagika usoni.

Mbona basi upande mwingine hauna mabaka? Chombo cha Kisovyeti Luna 3 kilipopiga picha za kwanza za upande tusiouona, Oktoba 1959, watu walishangaa kukuta karibu hakuna bahari kule. Upande wetu, bahari hizo hufunika karibu theluthi moja ya uso. Upande wa pili ni asilimia 2 hivi. Gamba la upande ule ni nene zaidi, na lava ilipata taabu kulipenya. Kwa nini gamba likawa nene upande mmoja, hapo wataalamu bado wanabishana. Ila tuondoe uzushi mmoja njiani: upande huo hauna giza la kudumu. Jua huuwakia sawasawa na huu wetu.

Giza la kudumu mwezini lipo kwingine, kwenye ncha. Mhimili wa mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, kwa hiyo karibu na ncha zake jua hutambaa kwenye upeo bila kupanda, na sakafu za baadhi ya kreta, yaani mashimo yaliyoachwa na vishindo, hazijaguswa na mwanga wa jua kwa mamilioni ya miaka. Chombo cha Marekani kinachouzunguka mwezi tangu 2009 kimepima humo baridi ya chini ya nyuzi Selsiasi 240 hasi. Hapo weusi hauhusiani na jiwe la aina gani. Nuru haikufika, basi. Mwaka huohuo wa 2009 roketi tupu ilibamizwa makusudi ndani ya kreta ya Cabeus, na katika vumbi lililoruka kukapatikana maji, yaliyohifadhiwa kama barafu na giza lenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu mwezi linalowashangaza wengi. Mwezi wote, mabaka na nyanda kwa pamoja, huakisi asilimia 12 hivi tu ya nuru inayoufikia. Ni jiwe jeusi. Tunauona mweupe kwa kuwa umewekwa mbele ya anga jeusi zaidi. Na unazidi kuwa mweusi: hakuna hewa ya kuukinga, kwa hiyo upepo wa jua na vimondo vidogo mno huuchapa udongo wake bila kukoma, na chembe za udongo hupata utando wenye punje za chuma tupu ambazo hufyonza nuru. Kreta ya Tycho, upande wa kusini, inaonekana na miale yake myeupe kwa sababu ina umri wa miaka milioni 108 hivi tu na haijapata muda wa kufifia.

Doa linalowaka

Tukihamia kwenye jua, maelezo yote ya hapo juu tunayaacha mlangoni. Hakuna kinachomeza nuru pale. Uso wa jua una joto la nyuzi Selsiasi 5,500 hivi, na katikati ya doa joto hushuka hadi karibu 3,500. Joto hilo linatosha kugeuza chuma kuwa mvuke. Doa kubwa la jua likiwekwa peke yake kwenye anga la usiku lingeng'aa kuliko mwezi mpevu.

Siri iko kwenye hesabu. Kitu chenye joto kikipoa, nuru yake haipungui sambamba na joto. Hupungua kwa kipeo cha nne cha halijoto. Ukipima kuanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, doa lina halijoto ya takriban theluthi mbili ya ile ya jirani yake. Zidisha theluthi mbili kwa yenyewe hadi ziwe nne: unapata 16 kwa 81, yaani karibu sehemu moja ya tano. Tofauti ya joto isiyo kubwa sana imezaa tofauti kubwa ya mwanga. Kamera iliyowekewa kichujio kinachostahimili uso wa jua huichukulia ile moja ya tano kuwa weusi. (Na kichujio ni lazima. Kulitazama jua moja kwa moja, sembuse kwa darubini, huunguza retina, tena bila maumivu ya kukuonya.)

Kilichopoza doa ni sumaku. Kwa kawaida gesi ya moto hupanda kutoka chini, hutoa joto lake juu, kisha huzama tena. Mwaka 1908 George Ellery Hale, akifanya kazi kwenye kituo cha Mount Wilson huko California, alionyesha kwamba ndani ya madoa kuna uga wa sumaku wenye nguvu nyingi, maelfu ya mara kuliko ule wa dunia. Uga huo huizuia gesi yenye chaji isipande na kushuka kwa uhuru, na joto linabaki limekwama chini. Idadi ya madoa hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, jambo lililoanza kugunduliwa na Heinrich Schwabe, mfamasia wa Ujerumani, aliyelitangaza mwaka 1843. Cha kushangaza ni kwamba jua likiwa na madoa mengi hung'aa zaidi kidogo, si pungufu, maana karibu na madoa huzuka sehemu angavu ambazo mchango wao hushinda hasara ya madoa yenyewe.

Kwa hiyo jicho halipimi nuru; linalinganisha. Ushahidi wa kinyume kila mtu anao usoni pake. Pale neva inapotokea nyuma ya jicho hakuna vipokezi vya nuru hata kimoja, kama alivyoonyesha Edme Mariotte katika karne ya 17, na bado hakuna anayeona shimo jeusi mbele yake. Ubongo hujazia kwa rangi ya jirani. Mahali penye nuru tele pameonekana peusi, na mahali pasipoona kitu hapaonekani peusi.

Mistari, mawingu ya vumbi na anga lenyewe

Ukipitisha nuru ya jua kwenye prizimu safi na kuitandaza vya kutosha, rangi za upinde hukatwakatwa na mistari myembamba myeusi. Joseph Fraunhofer aliichunguza kwa bidii kuanzia mwaka 1814 na kuhesabu zaidi ya 500. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, wakafumbua maana yake: kila elementi, ikiwa gesi kwenye tabaka la juu la jua, hunyakua rangi zake maalumu tu na kuziachia zingine zipite. Sodiamu hunyakua njano mbili zilizokaribiana, haidrojeni ina zake, chuma kina mamia. Atomu hizo huirudisha nuru baada ya muda mfupi, lakini huitupa pande zote, na inayokuja upande wetu huwa imepungua. Karibu yote tunayoyajua kuhusu vitu vilivyomo ndani ya nyota yamesomwa kwenye mistari hiyo. Mimi huiona kuwa giza lenye faida kubwa kuliko lote lililowahi kutazamwa.

Kwenye Njia ya Maziwa nako kuna mabaka yasiyo na nyota. William Herschel, katika karne ya 18, aliyachukulia kuwa matundu, mahali ambapo nyota zimeisha. Edward Emerson Barnard alipokusanya picha za mabaka hayo na kuchapisha orodha yake mwaka 1919, hoja ya matundu ilikuwa imeshaanza kudhoofika. Mojawapo, Barnard 68, ni wingu la gesi baridi na vumbi lililo karibu nasi kwa vipimo vya angani, umbali wa miaka ya nuru 500 hivi. Ukilipiga picha kwa nuru ya kawaida, ni doa la wino. Ukilipiga kwa mnururisho wa infraredi, ambao mawimbi yake ni marefu kuliko ya nuru tunayoiona, nyota za nyuma yake huchomoza moja moja, kwanza pembezoni na kisha katikati. Punje za vumbi hilo ni ndogo kuliko mikromita moja, hivyo huzuia mawimbi mafupi ya nuru na kuyapisha marefu. Tundu la Herschel lilikuwa pazia.

Halafu kuna anga lenyewe la usiku. Ulimwengu ungekuwa hauna mwisho na hauna mwanzo, kila upande unaotazama ungekutana na nyota, na usiku ungewaka kama mchana. Heinrich Olbers alilieleza fumbo hilo mwaka 1823. Jibu ni kwamba ulimwengu una umri, miaka bilioni 13.8 hivi, na nuru ya vitu vilivyo mbali mno haijapata muda wa kufika. Ile ya zamani kabisa imefika, ila ulimwengu umepanuka na kuyavuta mawimbi yake kwa zaidi ya mara elfu moja, yakawa maikrowevu. Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964 kwa antena, wakidhani mwanzoni ni kelele za chombo chao. Macho yangekuwa yanapokea maikrowevu, pasingekuwa na sehemu moja ya anga iliyo nyeusi.

Nuru iliyopotoshwa njia

Turudi chini, kwenye mchanga uliolowa. Maji hayana rangi na punje za mchanga hazijabadilika, lakini sehemu iliyomwagiwa huwa nyeusi papo hapo. Mchanga mkavu una hewa katikati ya punje. Nuru ikitoka hewani na kuingia kwenye punje hupinda sana, hivyo baada ya kugongwa mara chache huwa imegeuzwa na kurudi nje kwenye macho yetu. Maji yakijaza nafasi ile ya hewa, nuru hupinda kidogo tu, kwa kuwa mwendo wake ndani ya maji unakaribiana na ule wa ndani ya punje. Basi huendelea mbele, kina kwa kina, ikipoteza nguvu kidogo kwa kila punje. Na ile inayojaribu kutoka hukutana na ngozi ya maji juu, ambayo huirudisha ndani ikiwa imekuja kwa mshazari. Hilo la pili Anders Ångström alilitolea hesabu mwaka 1925. Kitambaa kilicholowa hufuata kanuni ileile. Mchanga haukupata uwezo mpya wa kumeza nuru. Kilichobadilika ni kwamba nuru imekaa ndani muda mrefu zaidi, na kumezwa kidogo kidogo kukajumlika.

Wingu la mvua halimezi karibu chochote. Matone yake hutawanya nuru pande zote, na wingu likiwa nene kilomita kadhaa, sehemu kubwa ya nuru hurudishwa juu kabla haijafika chini. Abiria wa ndege anayepita juu ya wingu hilohilo huliona jeupe la kuumiza macho. Weupe wa juu na weusi wa chini ni hesabu moja iliyogawanywa pande mbili.

Upinde wa mvua una mfano ulio safi zaidi, na ni wachache wanaouangalia. Ukitokea upinde mara mbili, tazama anga lililo kati ya pinde hizo: ni jeusi kuliko lililo ndani ya upinde wa kwanza na kuliko lililo nje ya ule wa pili. Alexander wa Aphrodisias alilieleza jambo hilo miaka 1,800 hivi iliyopita. Nuru inayogonga ndani ya tone mara moja haiwezi kutufikia kwa pembe kubwa kuliko nyuzi 42, na ile inayogonga mara mbili haiwezi kutufikia kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 51. Katikati ya pembe hizo hakuna tone linaloweza kuturushia nuru kwa njia hizo mbili. Mvua inanyesha hapo sawa na kwingineko.

Mboni ya jicho nayo ni ya jamii hii. Ni nyeusi kwa kuwa nuru kidogo inayoakisiwa na retina hurudi kwenye njia iliyojia, na kichwa cha mtazamaji kikikaa kwenye njia hiyo huiziba nuru isiingie. Hermann von Helmholtz alipoweka kioo cha mshazari kilichoelekeza taa sambamba na jicho lake mwenyewe, weusi ukaondoka na retina ikaonekana. Chombo hicho alikitangaza mwaka 1851.

Nuru juu ya nuru, na kiini cha seli

Sasa lile jibu la ajabu. Tengeneza kitanzi cha waya, kichovye kwenye maji ya sabuni, kishike wima mbele ya kitu cheusi, kisha usikitikise. Maji yataanza kushuka, na utando utakuwa mwembamba juu na mnene chini. Mistari ya rangi itateremka taratibu, ya juu ikipauka hadi kuwa ya fedha. Halafu juu kabisa patatokea ukanda mweusi wenye mpaka mkali, kana kwamba utando umekatika. Haujakatika. Hapo una unene usiozidi nanomita 30 hivi, na nuru tunayoiona ina mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Nuru inayoakisiwa na uso wa mbele wa utando hugeuzwa juu-chini. Inayoakisiwa na uso wa nyuma haigeuzwi. Utando ukiwa mwembamba kiasi hicho, mawimbi hayo mawili hurudi pamoja, moja likipanda pale mwenzake anaposhuka, na yanafutana. Nishati haijapotea: yote imepenya upande wa pili. Ukimchungulia mtu kupitia hapo utamwona vizuri tu.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyofanya seli hai ionekane. Seli nyingi za wanyama zina maji kwa takriban asilimia 70, na chini ya hadubini ya kawaida hazimezi nuru ya kutosha kuacha kivuli. Nuru iliyopita kwenye kiini huchelewa kidogo kuliko iliyopita pembeni, lakini jicho halina uwezo wa kuona uchelewaji. Frits Zernike, mwanafizikia wa Uholanzi, alitafuta katika miaka ya 1930 namna ya kuusogeza zaidi uchelewaji huo, kwa kuweka ndani ya hadubini kisahani kinachoibadilisha nuru iliyopita moja kwa moja kwa robo ya wimbi. Nuru hiyo ikikutana na ile iliyochelewa ndani ya seli, zinafutana, na kiini huchomoza kikiwa cheusi. Seli haijauawa wala haijatiwa rangi. Weusi umetengenezwa ndani ya chombo. Zernike alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Kabla yake ilibidi kupaka. Ile picha ya kiini cheusi inayojaza vitabu vya shule inatokana zaidi na hematoksilini, rangi inayotolewa kwenye moyo wa mti wa Amerika ya Kati. Ikioksidishwa na kuchanganywa na chumvi ya alumini hupata chaji chanya, na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinang'ang'aniana. Panapoonekana peusi ndipo DNA ilipojaa. Camillo Golgi alikwenda mbali zaidi mwaka 1873 kwa kutumia chumvi za fedha kugeuza seli za ubongo kuwa nyeusi tititi. Uzuri wa mbinu yake ni kasoro yake: huzipata seli chache tu kati ya nyingi. Zingepata rangi zote, kungekuwa na tope; kwa kuwa ni chache, kila moja ilionekana na matawi yake yote. Na kwenye hadubini ya elektroni hakuna nuru kabisa. Utando wa seli huonekana mweusi kwa kuwa osmiamu, metali nzito, iliyoshikamana na mafuta yake imezitawanya elektroni nje ya njia.

Ziko seli zenye weusi wao wenyewe, uliotengenezwa kwa melanini. Melanini ni mchanganyiko usio na mpangilio wa molekuli nyingi zinazotofautiana kidogo, na kila moja ina rangi zake inazozimeza. Zikijumlika, hakuna rangi inayosalimika. Katika ngozi ya binadamu, vifuko vya melanini hupokewa na seli za jirani na kupangwa juu ya kiini, upande unaoelekea nje, kama mwavuli unaokinga DNA dhidi ya miale ya jua. Samaki wa kina kirefu wanaitumia kujificha. Utafiti wa mwaka 2020 ulipima spishi ambazo ngozi zao huakisi chini ya nusu ya asilimia moja ya nuru. Vifuko vyao vina ukubwa na umbo linaloisukuma pembeni nuru isiyomezwa, iangukie kifuko kinachofuata. Ule ujanja wa mchanga uliolowa umetumika tena humo, safari hii kwa ustadi.

Hata ndani ya kiini kilichotiwa rangi, weusi haulingani. Karibu kila seli ya binadamu ina DNA yenye urefu wa karibu mita 2, iliyofungwa kwenye kiini chenye upana wa sehemu chache tu za elfu za milimita moja. Sehemu zinazosomwa hulegezwa; zisizosomwa hukazwa na kupokea rangi nyingi. Emil Heitz aliziona sehemu hizo zilizokazwa kwenye seli za kuvumwani mwaka 1928, zikibaki nyeusi muda wote ilhali nyingine zinafifia seli ikimaliza kujigawa. Hapa weusi ni dalili ya jeni zilizonyamazishwa.

Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, nchini Kanada, walikuwa wakichunguza seli za neva za paka. Wakagundua kwamba viini vya paka jike vina nukta moja nyeusi iliyojitenga, na vya dume havina. Mary Lyon akaeleza maana yake mwaka 1961, kwa kuwatazama panya: jike ana kromosomu mbili za X, na mapema kabisa akiwa kiinitete kila seli huchagua moja kwa bahati nasibu, huikunja na kuizima. Seli zote zinazozaliwa na ile huendelea kuizima X hiyohiyo. Nukta ya Barr ndiyo X iliyozimwa.

Kwa paka matokeo yake yanaonekana kwa macho. Jike anaweza kuwa na X moja yenye badiliko linaloleta manyoya ya rangi ya chungwa, na nyingine isiyo nalo. Seli za ngozi zilizokunja ile ya kwanza hutengeneza melanini nyeusi, na zilizokunja ya pili hutengeneza ya chungwa. Ndiyo maana mwili wake una mabaka ya rangi hizo mbili. Badiliko lenyewe lilitambuliwa na timu mbili, moja ya Marekani na moja ya Japani, zilizochapisha matokeo mwaka 2025: ni kipande cha herufi elfu tano hivi za DNA kilichokosekana karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Dume, kwa kuwa ana X moja, huwa wa chungwa au mweusi, si vyote viwili. Akipatikana dume mwenye mabaka ya rangi zote mbili, mara nyingi huwa amezaliwa na X ya ziada, na ukizitia rangi seli zake, ile nukta utaikuta.